Kidole Kilichobaki Kwenye Kitenge

Felisia Ndunguru hatumii kikokotoo. Katika soko la vitambaa la Zhongda, mjini Guangzhou, ambako muuzaji na mnunuzi wasioelewana lugha husukumiana kikokotoo juu ya meza, kila mmoja akifuta bei ya mwenzake na kuandika yake, yeye hukirudisha kilikotoka bila kukigusa. Hutazama dari kidogo, kisha hutaja bei ya jora zima, punguzo lake, na gharama ya kulifikisha bandarini. Wauzaji wamemzoea. Humwita laoshi, yaani mwalimu, kwa utani tu, na hawajui kwamba ndiyo kazi aliyoisomea.

Ana miaka hamsini na ushei. Alizaliwa Umatengo, kwenye vilima vya kahawa, akafundisha hisabati sekondari kwa miaka mingi, mpaka mkuu mmoja wa shule alipomwambia kwamba hisabati wamepata mwanamume, yeye ahamie somo la mapishi. Hakuhamia. Alikuja Guangzhou kutafuta suruali za jinzi za Xintang, akauza, akarudi, na safari ya tatu akabaki. Sasa ofisi yake iko Tianxiu, lile jengo refu la Xiaobei ambalo ndani ya lifti yake utasikia Kilingala, Kihausa na Kiswahili cha Unguja kabla hujafika ghorofa ya nne. Ni chumba kimoja, na wanakitumia wawili. Mwenzake ni Mwatima, mwanamke wa Zanzibar anayechapisha kanga. Upande wa Mwatima kuna msala wa kuswalia uliokunjwa na birika la chai. Upande wa Felisia kuna msalaba mdogo ukutani, na chini ya msalaba kuna ubao mweusi ambao hauna kazi yoyote ya biashara. Akichoka huandika mlinganyo, akautatua, akaufuta.

Jumapili mchana huenda kusali kwenye kanisa kuu la mawe, na kwa njia hiyo ya kanisa, kupitia mapadre na masista wanaojuana, alipata kazi iliyomlisha kuliko jinzi: vitenge vya jubilei.

Wakatoliki wa kwetu hawaadhimishi kitu bila kitenge. Upadrisho, nadhiri za daima, miaka ishirini na mitano ya kwaya, mazishi ya askofu, vyote huchapwa. Katikati panakuwa na duara, ndani ya duara uso, chini ya uso maneno. Kitenge kile kikishavaliwa na umati mzima kwa siku moja, maneno yake hayana mtu wa kuyabishia tena. Watoto wa mwaka ule watabebwa nacho mgongoni. Wakianza shule watajifunza kusoma kwenye kiuno cha mama zao, herufi kwa herufi, na watakachosoma ndicho kitakachokuwa kweli. Ndiyo maana ninaandika habari hizi nikiwa na hasira. Mtu akitaka kuiba historia ya mahali kama petu, hahitaji kuchoma kitu. Anahitaji kitambaa tu.

Mwezi wa nne mwaka huu iliingia oda ya Chuo cha Wanawake cha Mtakatifu Monika, Nyandindi, kinachotimiza miaka hamsini. Ni chuo alichosoma Felisia. Mwatima anasema siku hiyo mwenzake aliimba tangu asubuhi, tena kwa sauti mbaya. Mchoro aliutuma Padre Rodgers, katibu wa kamati ya jubilei, kijana msomi aliyerudi juzi kutoka Roma. Kwenye simu mchoro ulikuwa mdogo kama stempu. Felisia aliona duara, akaona utepe unaokatwa, akaitambua ile picha ya siku ambayo wizara ilikitambua chuo. Naye alikuwepo siku hiyo, msichana wa mwaka wa mwisho, amesimama kwenye kwaya. Hakuukuza mchoro. Aliutuma kiwandani moja kwa moja, kwa sababu alikuwa na hakika ni nani aliyemo katika picha ile.

Huko kiwandani hawachapi kitu mpaka mteja apitishe sampuli. Baada ya wiki Laoban Chen, mwanamke mfupi mwenye chupa ya chai iliyoning'inia shingoni, bosi wa karakana, alimtandikia Felisia yadi mbili za kitenge juu ya meza. Kiswahili chake amekiokota kwa wateja.

"Laoshi, tazama. Rangi safi?"

"Rangi safi."

"Huyu nani? Rais?"

Felisia alikivuta kitambaa karibu. Ndani ya duara alikuwamo marehemu Monsinyori Kasmir, mkuu wa misheni wa enzi zile, peke yake, mkubwa kama ng'ombe wa maonyesho, mkasi mkononi. Chini yake pameandikwa kwa herufi za dhahabu: MWANZILISHI, BABA WA ELIMU YA MWANAMKE.

"Na hapa kuna chafu," Laoban Chen akaendelea, akigonga kwa ukucha ukingoni mwa duara. "Nifute? Dakika moja."

Felisia akainama. Lile doa lilikuwa kidole gumba. Kilishika ukingo wa sahani, na ukucha wake ulikuwa umepasuka katikati, toka juu mpaka chini.

"Usifute," alisema. "Usifute na usichape. Ngoja."

Kwenye picha yenyewe, ile aliyoiona ikipigwa, kulikuwa na watu wawili. Monsinyori alikata utepe, na pembeni yake alisimama Sista Adeltruda akimshikia sahani ya mkasi. Aliyechora kitenge alimkata sista kama mtu anavyomenya ganda la embe, akasahau kidole.

Sasa nieleze kidole kile ni cha nani.

Mwaka wa sabini na tano, Sista Adeltruda Hyera alirudi Nyandindi kutoka Chuo Kikuu na shahada ya hisabati, msichana wa Kingoni mwenye shela jipya na sauti ya kuchunga mbuzi. Misheni ilikuwa na shule ya kushona. Akaomba apewe ghala moja tupu la kahawa afundishe wasichana wawe walimu wa hisabati. Monsinyori Kasmir, mkuu wa misheni, alicheka mpaka akajipangusa macho. "Hesabu za nini? Wahesabu nepi." Neno hilo lilizunguka vilima vyote, na wapo wazee wanaolirudia mpaka leo kama kichekesho.

Sista hakucheka. Aliwapanga wasichana kwenye vichanja vya kuanikia kahawa, nje, akachukua mbao za kuchambulia, akazipaka unga mweusi wa betri kuukuu uliokorogwa na uji wa muhogo, akaandika. Msimu wa mvua ulipofika aliingiza wanafunzi ndani ya ghala bila ruhusa. Monsinyori alikuja na kufuli. Sista alikuwa bado ameshika fremu ya mlango akiongea naye, akimwambia Monsinyori tafadhali, wanalowana, na mlango wa chuma ukafungwa vidole vikiwa pale pale. Ukucha wa gumba ulipasuka na haukuunga tena. Tangu siku hiyo alishika chaki kati ya kidole cha shahada na cha kati, kama mtu anayevuta sigara, na vizazi vyote vya wasichana wa Nyandindi vilitoka pale vikishika chaki hivyo hivyo bila kujua kwa nini. Felisia hushika hivyo. Ukimwona ubaoni pale Tianxiu utadhani ni madoido.

Masomo ya Nyandindi yalikuwa na desturi ambayo sijaisikia mahali pengine. Iliitwa Ijumaa ya Ubao. Kila Ijumaa msichana mmoja alisimama mbele ya chuo kizima na kuthibitisha jambo moja tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Chuo kizima maana yake ni pamoja na mpishi, Mama Martina, na fundi wa bustani, na mgeni yeyote aliyepita. Na yeyote kati yao alikuwa na haki ya kusema neno moja: sijaelewa. Likisemwa, hukubishana na hukununa. Ulifuta ubao wote na kuanza upya. Mama Martina, mikono ikiwa bado na unga, alilitumia neno hilo kama bakora. Felisia mwenyewe alifutishwa ubao na mama yule mpaka alilia. "Kama ulichosema ni kweli," Sista Adeltruda alimwambia, "kitakuwa kweli na mara ya pili. Uongo ndio unaochoka kurudiwa."

Felisia alipofika mwaka wa pili ghala lilikuwa limeshakuwa chuo, na Monsinyori, sasa mwenyekiti wa bodi, alitoa amri kwamba idara ya hisabati igeuzwe idara ya upishi na mapambo. Madawati yakatolewa nje. Sista akayafuata huko nje akafundisha, chini ya jua, karibu muhula mzima. Wakaguzi wa wizara walipokuja kukagua jiko jipya walikuta wasichana uani wakithibitisha mambo ambayo wao wakaguzi walikuwa wameyasahau. Wakaandika walichokiona. Mwaka uliofuata chuo kikatambuliwa, na siku ya kukata utepe aliyekata ni nani? Monsinyori. Sista akapewa sahani ashike.

Hata hilo Felisia alilimeza, kama wenzake wote. Walikuwa wasichana. Lakini kitenge kina kazi nyingine tena. Kwenye jubilei, mwenye heshima huvishwa: watu hupita wakiimba na kumtandika kitenge mabegani. Sista Adeltruda yu hai, anakaribia miaka themanini, anakaa nyumba ya masista wazee palepale Nyandindi, na jina lake lilikuwa la kwanza katika watakaovishwa. Yaani mwezi wa nane, mbele ya chuo alichokijenga kwa mikono, angefunikwa mabega kwa uso wa mtu aliyemfungia mlango vidoleni.

Felisia alimpigia simu kesho yake.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Nani? Felisia wa Guangzhou? Unakula?"

"Nakula, Sista. Sista, umeona kitenge cha jubilei?"

"Sijaona. Wameniambia nitavishwa."

Felisia akamweleza, taratibu, bila kuruka kitu. Upande wa pili kuku wa masista walilia kwa mbali.

"Mwanangu," Sista akasema mwishoni, "niliambiwa nitavishwa. Sikuambiwa nitavishwa nani."

Akauliza mvua za Guangzhou zinanyeshaje, akaaga.

Mkutano wa kamati ulifanyika kwa video, saa kumi jioni ya Guangzhou, nyumbani saa tano asubuhi. Felisia alikaa chini ya ubao wake. Mwatima alijifanya anakunja kanga. Kwenye simu walionekana wajumbe kama saba, na katikati Padre Rodgers, miwani safi, nyuma yake rafu ya vitabu.

"Mama Felisia, karibu. Kiwanda kinasemaje? Huku tuna hamu kama watoto wa Krismasi."

"Kiwanda hakina neno, Baba. Neno ninalo mimi. Huyu kwenye duara ni mwanzilishi wa nini?"

Padre alicheka kidogo. "Mama, historia ni pana. Ardhi ilikuwa ya misheni, na mkuu wa misheni alikuwa Monsinyori. Kila kilichoanza pale kilianza chini ya mamlaka yake. Kikanisa na kisheria, mwanzilishi ni yeye."

"Sijaelewa," Felisia alisema.

"Hujaelewa wapi?"

"Anza tu upya, Baba."

Padre Rodgers akavuta pumzi. Safari hii alianzia kwingine. Alisema Sista Adeltruda anaheshimiwa mno, hakuna asiyejua, lakini bado yu hai, na kumweka mtu hai kwenye kitenge ni kama kumtabiria msiba.

"Kitenge cha upadrisho wako nilikichapa mimi," Felisia akasema. "Kilikuwa na uso wako, tena umetabasamu. Ulikuwa umekufa?"

Mjumbe mmoja alikohoa, na kikohozi kile kilikuwa na kicheko ndani yake.

"Sijaelewa, Baba. Anza upya."

"Mama Felisia, utawa ni unyenyekevu. Sista mwenyewe hatafuti utukufu. Na tuongee kama watu wazima, kitenge kinakaliwa. Mafundi wetu mnawajua, wanakata popote. Uso wa sista wetu ukae huko nyuma ya watu, jamani, ni heshima hiyo?"

"Kwani wa Monsinyori umewekewa mto?" Mwatima akauliza kutoka kwenye kanga zake, kwa sauti iliyofika mpaka Nyandindi.

"Nani huyo?"

"Mwenzangu wa ofisini, Baba. Msamehe. Lakini na mimi sijaelewa."

Hapo Padre alikasirika. Alisema yeye si mwanafunzi wa kusimamishwa ubaoni, kamati imefanya kazi miezi, na mfanyabiashara aliyepewa oda hutengeneza oda. Nayaandika maneno hayo kama yalivyo kwa sababu ndani yake imo habari yote. Chuo kilimfundisha mwanamke kudai uthibitisho, na siku ya kukisherehekea chuo hicho anaambiwa yeye ni fundi wa oda.

"Chuoni kwetu aliyeambiwa sijaelewa hakasiriki," Felisia alisema. "Kissa, mwambie."

Kissa ni Dokta Kissa, mkuu wa idara ya hisabati hapo chuoni, na zamani walilala kitanda cha juu na cha chini, yeye na Felisia. Mkataba wake husainiwa na bodi, na katibu wa bodi ni huyo huyo Padre Rodgers. Muda wote wa mkutano alikuwa ametazama chini. Felisia ananiambia alijuta papo hapo kumtaja, maana yeye mwenyewe alikuwa mbali, ana kiti chake Tianxiu, na Kissa alikuwa palepale kwenye mdomo wa simba.

Kissa akainua uso. "Sijaelewa, Padre," alisema polepole. "Naomba uanze mstari wa kwanza."

"Dokta, na wewe?"

"Na mimi."

"Kamati imeshaamua," Padre Rodgers akasema. "Mwenzetu Adrian yupo huko huko Guangzhou, Sanyuanli, atashughulikia. Tunakushukuru kwa huduma yako, Mama." Skrini ikawa nyeusi. Hadi leo Felisia hajui kama Padre alikata, au ni ile VPN, mtandao wake wa kujipenyezea, iliyoanguka kama kawaida yake.

Adrian ni kijana mzuri, mtu wa vifaa vya umeme, na hana kosa. Wiki chache baadaye walikutana mlangoni mwa kanisa, watu wanatoka Misa, mvua inanyesha juu ya miavuli.

"Shikamoo Mama. Ile kazi nimeimaliza, usinifikirie vibaya. Mimi natafuta tu."

"Marahaba. Sikufikirii vibaya."

"Ila mchoro ulikuwa na kasoro, Mama. Kulikuwa na kama kidole hapa pembeni. Nikawaambia wafute. Sasa kimependeza."

Felisia alimshukuru. Alitembea kwa miguu mpaka Xiaobei, mwendo mrefu, mwavuli umefungwa mkononi. Aliingia ofisini maji yakimtiririka, akaketi sakafuni katikati ya majora, na kwa mara ya kwanza tangu walipoanza kukaa pamoja Mwatima alimwona akilia. Oda za jimbo zote zilikuwa zimeondoka na ile moja. Hakulilia hizo.

"Wamemfuta mpaka kidole," alisema. "Walimwachia kidole, nacho wamekifuta."

Mwatima alimmiminia chai. Akamwacha anywe nusu.

"Nyinyi watu wa vitenge mna taabu," alisema kisha. "Mnagombania sura. Sisi kwetu sura hatuweki, tunaandika. Jirani akinikera mimi simfuati kwake kugombana. Najifunga kanga yenye maneno yake, napita mlangoni pake kwenda dukani, na chumvi sina haja nayo. Na akitaka kesi aende kwa sheha aseme kanga imemtukana."

Felisia akainua macho.

"Wewe si una neno lako la huko shule?" Mwatima akaendelea. "Umemwambia padre wa watu mara ngapi mbele yangu mpaka nikamwonea huruma. Litie kwenye kanga, shoga. Kontena langu linaondoka mwezi wa sita, sehemu ipo. Walosoma na wewe wakinunua, watanunua. Wasiponunua tutafutia vioo."

Wakachora usiku? Hapana, wakachora palepale, mchana, kwenye ubao. Pindo lilikuwa la vichanja vya kahawa. Jina, chini, kwa herufi kubwa nyekundu: SIJAELEWA, ANZA UPYA. Na katikati, kwenye mji wa kanga, mkono mmoja ulioshika chaki kati ya kidole cha shahada na cha kati, gumba limesimama pembeni na ukucha uliopasuka.

Laoban Chen aliitazama sampuli kwa muda mrefu, akigeuza kichwa.

"Laoshi. Hii ile chafu!"

"Ndiyo hiyo."

"Imekuwa kubwa!"

"Ifanye kubwa zaidi."

Kanga zilipofika Nyandindi, Kissa ndiye aliyezipokea. Hakuzitangaza kwenye kundi la kamati wala kanisani. Zilikwisha kabla ya Julai kumalizika, na kutoka Mbeya, Songea, Iringa, wanawake ambao Felisia hakuwahi kuonana nao, waliosoma kabla yake na baada yake, walimtumia ujumbe wenye neno moja tu, na neno lenyewe mnalijua.

Siku ya jubilei Kissa aliwasha video. Felisia na Mwatima waliegemeza simu kwenye birika. Uwanja wa chuo ulijaa, na umati wote ulikuwa Monsinyori: Monsinyori vifuani, Monsinyori vichwani, na kama Mwatima alivyokwisha kusema, Monsinyori mahali pengine. Lakini mbele, viti vya waliosoma, palikuwa na rangi nyingine. Wanawake walikaa wamejifunga kanga juu ya nguo zao, safu nzima na safu ya nyuma yake na ya nyuma yake.

Padre Rodgers alisoma historia ya chuo kwa sauti nzuri ya kimisa. Alifika mahali: "Mwanzilishi wetu, Monsinyori Kasmir, alipoona kiu ya elimu ya wasichana..."

"Sijaelewa, Baba!"

Ilikuwa sauti ya kizee, kali, kutoka pembeni walikokaa waliokuwa wafanyakazi. Mama Martina. Kicheko kikapita uwanjani, kisha kutoka kwenye kanga likaja neno lile lile, likasemwa na mmoja, na mwingine, kisha na safu, bila kelele, kama watu wanaoitikia litania. Maaskofu walitazamana. Padre Rodgers alisubiri, akatabasamu, akafunua ukurasa, akaendelea na mwaka uliofuata.

Hakuanza upya. Hilo ndilo ninalotaka lijulikane. Alikuwa na kipaza sauti, walikuwa na haki, na kipaza sauti kikashinda.

Kisha wenye heshima wakavishwa. Walianza na Sista Adeltruda, mdogo kwenye kiti kikubwa. Padre alimtandika kitenge mabegani, na uso wa Monsinyori ukamkaa mgongoni. Vigelegele. Ndipo Kissa akamwachia jirani yake simu, akainuka. Alivua kanga yake akaitandika juu ya kitenge, akaisawazisha kama mtu anayemfunika mgonjwa. Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine. Wakaacha kuimba wimbo wa ratiba wakaimba ule waliokuwa wakiuimba kila Ijumaa ya Ubao. Kanga zilipandana mpaka sista akawa kifurushi, na Monsinyori hakuonekana tena hata ncha ya mkasi. Mkono mmoja ukajipenyeza kutoka ndani ukashika ukingo wa nguo zile zote zisidondoke.

Hakupewa nafasi ya kuongea. Ratiba haikuwa na nafasi hiyo. Lakini Kissa alikuwa ameinama karibu naye, simu imerudi mkononi mwake na bado iko hewani, na Tianxiu wakamsikia vizuri.

"Rodgers ameruka mstari," alisema Sista Adeltruda.

Picha ikaganda hapo. VPN. Felisia alibaki ameitazama simu, kile kidole kimesimama katikati ya kioo. Chini barabarani wapakiaji walikuwa wakivuta tepe za gundi za kufungia katoni, ule mlio wa kuchana ambao Xiaobei haunyamazi nao mchana kutwa. Mkataba wa Kissa unakwisha Desemba na hakuna aliyemwambia neno. Kitenge kile kimo katika nyumba elfu, na watoto wameanza kukisoma.

"Hakuanza upya," Felisia alisema.

Mwatima alichukua birika, simu ikaanguka kifudifudi. Akamimina chai vikombe viwili.

"Fremu za kuchapia bado ziko kwa Chen?"

"Ziko."

"Basi chapa nyingine," Mwatima akasema. "Na safari hii maandishi yawe meusi. Yale mekundu yatapauka."

Felisia akatazama dari kidogo, akipiga hesabu.